Nilisikia kwa Nyayo

Wakili Mbonea alimkataza Nakundwa neno moja tu, nalo ni lile ambalo mama huyu hakuwahi kumaliza siku bila kulitumia.

"Usiseme nilisikia," alimwambia. "Sema lolote, mama, lakini hilo usiliguse. Chujio la baraza la mipango likilisikia tu, linawasha taa ya njano."

"Mbona wewe umesema likilisikia?"

"Mimi sitoi ushahidi."

Walikuwa wamekaa kwenye stoo ya Nakundwa, kila mmoja juu ya kreti ya soda, kwa kuwa viti havikuwepo. Nakundwa Mrutu alikuwa akikodisha vyombo vya sherehe, na huku milimani Upare hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Maturubai. Bahari ilipokula mitaa ya chini kule pwani, na watu wakapandishwa huku kwa malori na magodoro yao, maturubai yake yote yalikwenda uwanja wa mpira kuwasitiri. Viti vikafuata, na masufuria makubwa pia. Tangu siku hiyo harusi za milimani zilifanyika juani, na wenye harusi walimnunia Nakundwa kana kwamba yeye ndiye aliyeituma bahari.

Sasa mkoa ulikuwa umepanga kuwajengea wageni hao nyumba za kudumu kwenye mteremko wa Ngondi. Jambo jema, nani angelipinga? Aliyelipinga ni Nakundwa. Si nyumba alizozipinga, maana maturubai yalishaanza kuvuja na yeye ndiye aliyekuwa akiyashona. Alipinga Ngondi. Alitaka zijengwe tambarare ya Mkwasa, japo ni mbali na barabara, kwa sababu Ngondi iliwahi kushuka na kuzika watu, na waliolijua hilo walikuwa wameshakufa wote isipokuwa yeye.

Yaani, kama kweli yeye alilijua. Hapo ndipo penye mgogoro.

"Tuanze tena," Mbonea alisema. "Zungumza na mwenyekiti, si na wakili anayekuuliza. Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Ya jirani usiyaeleze. Na ukimaliza, sema unataka baraza lifanye nini. Watu wanalalamika vizuri sana pale mbele, halafu wanashuka bila kuomba kitu."

"Na punje?"

Mbonea aliutazama mlango. "Hakuna atakayekuuliza habari ya punje."

Dada yake, Eliwaza, ndiye aliyemwachia punje hiyo. Miaka ile hospitali zilikuwa zimeanza upokezi: mgonjwa asiye na siku nyingi anachagua kumbukumbu yake moja, inawekwa kwenye kitu kidogo kama punje ya uwele, kinapachikwa nyuma ya sikio la ndugu, na baada ya wiki chache ndugu anakumbuka alichokumbuka mgonjwa. Wenzake Nakundwa walipokea harusi, walipokea siku mtoto alipozaliwa. Eliwaza alimpa asubuhi ya Ngondi. Nakundwa alimkasirikia dada yake hata msibani, maana angeweza kumpa sauti ya mama yao, ambayo yeye hakuikumbuka, akaona ampe maporomoko.

Na kumbukumbu yenyewe ilikuwa hivi. Ni masika. Eliwaza ni msichana wa miaka kumi na miwili, amepanda mteremko kwenda kufungua ndiva, lile bwawa dogo ambalo Wapare walilichimba kilimani ili kila nyumba ifungulie maji ya shamba kwa zamu yake. Yuko peku, kwa sababu ndiva haikaribiwi kwa viatu. Ndivyo walivyolelewa wote. Mgongoni amebeba mtoto kwa kanga. Anafika chini ya ukuta wa ndiva na nyayo zake zinapata baridi ambayo si ya umande. Baridi hiyo haikai mahali. Inapita. Chini ya udongo kitu kinatambaa na kutetemeka, kama sakafu ya nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga. Eliwaza hasubiri. Anageuka, anakimbia kuteremka huku akipiga kelele, na nyuma yake Ngondi inakuja, na nyumba ya bibi yao ni miongoni mwa zile zilizobaki humo ndani.

Mtoto wa mgongoni alikuwa Nakundwa.

Miaka kumi sasa alikuwa ameishi na jambo hilo kichwani na bado lilimvuruga. Akiikumbuka asubuhi ile, anajikumbuka akiwa amejibeba. Anausikia uzito wake mwenyewe kwenye mabega yake. Uso wa Eliwaza hauoni hata mara moja, kwa sababu nani anauona uso wake mwenyewe akikimbia?

"Sasa mimi nilikuwepo au sikuwepo?" alimuuliza wakili.

"Ulikuwepo."

"Nilikuwa mgongoni, nina miaka miwili."

"Mgongoni nako ni kuwepo." Mbonea alishusha sauti, ingawa stoo ilikuwa yao peke yao. "Nisikilize, mama. Punje ikishakaa miaka kumi, Chujio haliwezi tena kuitenga. Nimeyaona mashauri ya namna hiyo. Ukisema ni yako, taa itakuwa kijani. Ukisema ni ya marehemu, itakuwa njano, maneno yako yatafutwa kwenye kumbukumbu za baraza, na nyumba zitajengwa Ngondi. Ukapange mwenyewe moyoni mwako."

"Unanifundisha uongo, wakili?"

"Nakufundisha kunyamaza."

Nakundwa aliinuka kwenye kreti, akatafuta ufunguo wa stoo. Kama taa itakuwa kijani, uongo uko wapi? Na kama uongo haupo, mbona wakili alishusha sauti? Alifunga stoo isiyo na kitu cha kuibwa, akaenda nyumbani akiwa amechoka kuliko siku ya kufunga maturubai ya harusi tatu.

*

Nje ya ukumbi wa wilaya alikutana na Mwanaheri. Huyu alikuwa mama kijana kutoka pwani, anayeishi chini ya turubai la bluu lenye kiraka, turubai ambalo Nakundwa alilipenda kuliko yote. Alikuwa na mtoto wake wa kike, amemshika mkono.

"Mama Maturubai, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa unakwenda kutupinga." Mwanaheri hakupandisha sauti. "Kama tumekuchosha, mama yangu, si ungetwambia tu? Sisi si watu wa kung'ang'ania cha mtu. Tungekufungia maturubai yako, tukakushukuru, tukatafuta pengine."

"Hamjanichosha."

"Basi ni nini? Mwaka wa pili huu mwanangu analala chini. Wametwonyesha michoro, nyumba ina jiko, ina choo chake. Vipimo vya udongo wamevipima, wamesema salama."

"Walipima kiangazi. Kiangazi Ngondi haina neno. Masika ndipo inapoamka. Ule mteremko si wa kulala mtu, Mwanaheri."

"Umeona?"

"Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

Nakundwa alitaka kumwambia hakusikia kwa mtu, alisikia kwa nyayo, na nyayo zenyewe hazikuwa zake. Ukimwambia mtu maneno kama hayo mlangoni pa ukumbi atakushika mkono akupeleke kwa mganga. Mwanaheri alimtazama kwa huruma, jambo lililomuuma kuliko matusi, akaingia ndani na mtoto wake.

*

Chujio lilikuwa juu ya meza ya karani, halizidi ukubwa wa pasi, na juu yake taa moja. Lilisikiliza kila neno la shahidi na kuyasoma mapigo yake kupitia bangili aliyovishwa. Alichokipata shahidi mwenyewe kiliwaka kijani na kuandikwa. Alichoambiwa na mtu kiliwaka njano na kufutwa papo hapo, na baraza halikuruhusiwa kukitumia hata kama kila aliyeketi ukumbini alikuwa amekielewa. Watu walilipenda lilipokuja, kwa kuwa kabla yake vikao vya mipango vilikuwa vijiwe vya umbea. Lakini lilikuwa limefundishwa kwa majalada ya mahakama, na mahakamani aliyesikia ni aliyeambiwa. Hakuna aliyekumbuka kulifundisha kwamba Mswahili husikia pia baridi, husikia njaa, husikia harufu na husikia uchungu.

Mwenyekiti, Bi. Ramla Shekalaghe, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene na subira ya kutosha. Alimwapisha Nakundwa, akamwambia aeleze kwa maneno yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi naijua Ngondi tangu utoto," Nakundwa alianza. Kijani. "Siku iliyoporomoka, ilikuwa asubuhi ya masika. Nilikuwa chini ya ukuta wa ndiva." Kijani, na moyo wake ukaruka. "Nilikuwa peku. Nikasikia baridi."

Njano.

Karani alitikisa kichwa. Nakundwa aliitazama taa, akajaribu tena.

"Namaanisha, miguuni. Nilisikia baridi miguuni."

Njano.

"Hakuna aliyeniambia baridi, Mheshimiwa. Nilisikia mwenyewe. Na harufu ya udongo mbichi, hiyo nayo nilisikia."

Njano, njano, na watu wa nyuma wakaanza kucheka kwa kuficha midomo. Mbonea alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Nakundwa alijua kosa lake, alikuwa amelifanyia mazoezi siku nyingi, lakini ulimi ulirudi kule kule kama ng'ombe anayerudi zizini. Jasho lilimtoka chini ya bangili.

"Mama," mwenyekiti alisema taratibu, "badili neno. Nakuelewa, ila siwezi kukuelewa rasmi."

"Nilihisi," Nakundwa alisema, na neno likamkaa mdomoni kama meno ya mtu mwingine. "Nilihisi baridi ikipita chini ya nyayo. Nilihisi ardhi ikitetemeka."

Kijani. Ukumbi ukatulia. Akaeleza yote: kukimbia, kelele, nyumba zilizozikwa, bibi yao. Akaeleza kwamba maji yale hupita masika peke yake na kwamba kiangazi huwezi kuyajua. Kijani kilibaki palepale mpaka mwisho, kama Mbonea alivyosema, na Mbonea aliinua kichwa.

Kisha akasimama Wakili Kitundu, aliyekuwa akiutetea mpango. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliowatisha mashahidi.

"Pole kwa msiba, mama. Maturubai ya uwanja wa mpira ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Unawatoza?"

"Sijawahi."

"Asante. Maporomoko unayoyasema, ulikuwa na umri gani?"

Nakundwa alimgeukia mwenyekiti kama alivyofundishwa. "Miwili."

Watu waliguna. Kitundu hakuguna. "Miaka miwili. Na unakumbuka ndiva, na ukuta, na baridi ya nyayo. Nakuuliza swali moja tu, nami nitakaa. Unakumbuka wewe?"

Taa ilikuwa bado kijani. Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa tayari. Alimwona Mwanaheri kwenye kiti cha pembeni, mtoto amelala mapajani mwake, na akawaza: nikisema ndiyo, huyu mtoto hatazikwa. Mungu atanielewa. Eliwaza atanielewa zaidi, kwani alinipa ya nini kama si kwa siku ya leo? Lakini palepale akajiuliza, hivi anayeapa hapa ni nani? Kama ni mimi, mimi sina nyayo zilizokanyaga pale. Nilikuwa nimefungwa kwa kanga. Kama ni Eliwaza, Eliwaza hakuwahi kudanganya maishani mwake, na mimi nataka kuanza kumdanganyia akiwa kaburini.

"Nakumbuka," alisema. "Ila anayekumbuka, Mheshimiwa, sijui kama ni mimi."

Taa ilikwenda njano, ikarudi kijani, ikaenda njano tena. Karani aliligonga Chujio kwa kiganja.

"Eleza," mwenyekiti alisema.

Akaeleza. Punje, dada, mtoto wa mgongoni, yote aliyoambiwa ayanyamazie. Alipokuwa akisema alisikia nafuu na hofu kwa pamoja, hata hakujua kipi kinamliza. Alipomaliza, taa ilikuwa imetulia kwenye njano, na kwenye skrini ya ukutani ushahidi wake ulianza kutoweka, mstari baada ya mstari kutoka juu. Yaliyobaki ni kwamba anaitwa Nakundwa Mrutu, kwamba maturubai ni yake, na kwamba alikuwa na miaka miwili.

Kitundu alikaa, na hakuonekana kufurahi.

"Samahani, mama," Bi. Ramla alisema. "Sheria haikunipa nafasi. Una ombi kwa baraza?"

Nakundwa alikuwa ameshaanza kushuka. Akakumbuka somo la kwenye makreti ya soda, akageuka.

"Ninalo. Mwende Ngondi kabla ya kuamua. Mwende leo, kwa kuwa mvua imenyesha juzi na jana. Na mkifika chini ya ukuta wa ndiva, mvue viatu."

*

Walikwenda alasiri ileile: mwenyekiti, karani aliyejitundika Chujio dogo kifuani, mawakili wawili, na nyuma yao wageni wa pwani waliotaka kuona viwanja vyao. Kabla ya kupanda, karani aliwasomea kanuni. Ukaguzi wa eneo si ushahidi. Shahidi anaruhusiwa kuwepo lakini haruhusiwi kusema neno, kuonyesha kwa kidole, wala kukohoa kwa namna ya kuashiria.

Ngondi ilikuwa ya kijani na nzuri, hata Nakundwa mwenyewe aliona haya kuisingizia. Vigingi vyekundu vya wapimaji vilikuwa vimesimama kwa mistari iliyonyooka. Ukuta wa ndiva ulikuwa umebaki rundo la mawe lenye majani, na ndiva yenyewe hakuna aliyeifungua tangu mabomba yaletwe.

Bi. Ramla alimshika karani bega, akavua viatu, kimoja kimoja. Kitundu alibaki na buti zake. Mwenyekiti alisimama kwenye majani akitazama mbele, uso hauna kitu.

Nakundwa naye alikuwa peku. Baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo, baridi ileile, inayopita. Akaogopa. Ilikuwa inatoka ardhini au inatoka nyuma ya sikio? Alihamisha miguu, akaikanyaga tena, na hakujua. Miaka kumi alikuwa amesimama hapa kila masika bila kupanda kilima; sasa alikuwa amekipanda na hakuona tofauti. Alitamani kumwambia mwenyekiti asogee kushoto, karibu na mawe. Aliuma ulimi. Labda nilikosea, aliwaza. Labda nimewanyima watu nyumba kwa ajili ya ndoto ya maiti.

Bi. Ramla alisogea kushoto mwenyewe. Akasimama. Akakunja uso.

"Nasikia," alisema, na taa ya kifuani kwa karani ikawaka njano.

Karani alikohoa. "Mheshimiwa, limefuta."

Mwenyekiti aliitazama taa, kisha akatazama miguu yake.

"Nasikia baridi," alirudia polepole, kama mtu anayelifundisha jiwe kusoma. "Inapita. Haikai mahali. Na kuna kitu kinatetemeka."

Njano.

Hakuna aliyecheka. Bi. Ramla aligeuka akamtafuta Nakundwa kwa macho, na Nakundwa, aliyekatazwa kusema, alishindwa hata kutikisa kichwa. Kama huyu naye anaisikia, na huyu hana punje wala dada, basi si ndoto.

"Andika," mwenyekiti alimwambia karani. "Mwenyekiti alivua viatu." Kijani. "Kisha akaamuru watu wote washuke mlimani, na mpango wa Ngondi usimame mpaka upimwe upya masika." Kijani. "Kwa nini, usiandike. Sababu nitaijibu mimi watakaponiuliza."

Kitundu alianza kusema jambo. Lakini Mwanaheri alikuwa ameshavua kandambili zake. Hakuna aliyemwomba, yeye hakuwa shahidi wa mtu. Alisimama kando ya kigingi cha kiwanja chake, akasikiliza kwa nyayo kama wenzake, na uso ukambadilika. Alimnyanyua mtoto aliyekuwa akichuma majani, akamtupa mgongoni, akamfunga kanga kwa mafundo mawili, akaanza kuteremka, kandambili mkononi, mwanzoni kwa kutembea na kisha mbio.

Nakundwa alimtazama akienda. Shavu la mtoto lilikuwa limegandamizwa kwenye mgongo wa mama yake, likidunda kila hatua, na macho yake yaliangalia pembeni, kule milima inakoruka juu na chini.

Hapo akaukumbuka mgongo. Kanga iliyolowa. Mfupa wa katikati ukimgonga shavuni. Shingo nyembamba yenye mafuta ya nazi na vumbi la mkaa, na sauti inayopiga kelele ambayo aliisikia kwa kifua kabla ya masikio. Aliitafuta kumbukumbu hiyo kwenye punje, akaikosa. Haikuwa na namna ya kuwemo, kwa sababu Eliwaza hakuwahi kuuona mgongo wake mwenyewe.

"Dada," alisema, na karani akamkumbusha kwamba shahidi haruhusiwi kusema.